Ada ya Yohana

Kaka yangu Masunga alinipigia simu kutoka Chato asubuhi moja, nikiwa nafungua milango ya duka langu la vitenge hapa Shinyanga mjini. Huwa hanipigii. Tangu alipohamia ziwani kuunda mitumbwi, simu zetu zimekuwa za sikukuu na za misiba, na siku ile haikuwa sikukuu. "Minza," akasema, "mama yake Yohana amefariki. Wanazika kesho kule kwao, karibu na Kolandoto. Mimi sitawahi. Wewe uko jirani, utakwenda?" Nikamwambia nitakwenda. Nikasikia mtu akipiga nyundo nyuma yake, kisha akauliza, "Utaweza?" Nikasema nitaweza. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, kitenge cha mtu kikiwa mapajani, na nilipoinuka jua lilikuwa limeshaingia mpaka katikati ya duka. Watu wengi wa Kolandoto wananijua kama mwanamke aliyemwokoa Yohana. Hilo ndilo jina langu kule. Watu watatu tu walijua jina langu jingine, na mmoja wao ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa na mgahawa machimboni, upande wa Geita. Mbele palikuwa na meza mbili na mabenchi manne chini ya bati. Nilipika ugali na maini, wali na maharage, chai ya rangi na chapati za kuanzia alfajiri. Chakula changu kilisifiwa. Lakini chakula hakikunijengea duka hili. Nyuma ya jiko palikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia chumba kisicho na dirisha, chenye benchi moja refu, bilauri nne na madumu matatu ya gongo yaliyofunikwa kwa magunia. Serikali imeikataza gongo, kwa hiyo sisi tuliiita dawa. Mtu alikuja, akagonga meza kwa sarafu, akauliza, "Dada Minza, dawa ipo?" nami nikamwonyesha pazia kwa kidevu. Nikiwa nakoroga ugali niliwasikia wakizungumza kule ndani: nani kapata mawe mazuri, nani katoroka na mgao wa wenzake, mke wa nani kaandika kwamba hana unga. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu walio kanisani, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nawapa watu waliochoka mahali pa kupumzikia.

Masunga alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, zisiwaangukie watu. Hakuna kazi ya kuaminiwa kuliko hiyo. Watu hawakukubali kushuka kabla hajapita yeye na kugonga kila gogo kwa ngumi. Alianza kunywa kwangu kipimo kimoja kabla ya kushuka, cha kuondoa hofu, kisha viwili, kisha akawa anakunywa hata asiposhuka. Nilikuwa na jibu langu kwa waliouliza: afadhali anywe kwa dada yake, ninamwona, kuliko kwa wengine. Siku moja matimba aliyoyafunga yeye yaliachia. Mchimbaji mmoja alitolewa akiwa hai, nyonga imevunjika, akilia jina la mama yake. Mwenye duara hakumpiga Masunga wala kumshtaki. Alichukua tu nyundo yake mkononi na kusema, "Fundi, nenda nyumbani." Masunga alikuja akakaa kwenye meza ya mbele, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa miezi mingi. Nilimpa sahani ya wali. Hakuigusa. Akasema, "Minza, nipeleke mahali. Popote wanapotibu hii kitu, nipeleke."

Tabibu wa zahanati alinitajia mahali pawili, na kuchagua kati yake kulinichukua wiki nzima. Kwanza tulikwenda kwa mtu mmoja aliyekuwa anatibu walevi nyumbani kwake, ndani kabisa vijijini, upande wa Shinyanga. Ua wake ulikuwa umefagiwa vizuri. Tulikaribishwa kwa mtindi na viazi vya kuchemsha. Wakati tunakula, niliwaona wanaume watano wamekaa kwenye kivuli cha ghala, kila mmoja mnyororo mguuni, mnyororo umefungwa kwenye gogo. Mmoja alitusalimia, "Shikamooni," ingawa kwa umri angeweza kutuzaa. Mwenye nyumba alieleza kwamba dawa yake ni ya mizizi na maombi, miezi miwili, na bei yake ilikuwa ndogo kweli. Hakuuliza jina la mgonjwa. Hakuuliza anakunywa nini, wapi, wala kwa nani. Nakiri hapa, kwa sababu sijawahi kukiri mahali pengine: nilipapenda. Sikupapenda kwa ajili ya bei. Nilipapenda kwa sababu hapakuwa na maswali. Nilikuwa tayari nimeanza kufungua pochi Masunga aliposema kwa Kisukuma, taratibu, ili mwenyeji asione kama ni ugomvi, kwamba akiachwa pale atakufa, na kwamba ningekuwa nimemnunulia mnyororo. Mwenyeji alikuwa Msukuma kama sisi. Alicheka, akatujazia tena mtindi.

Mahali pa pili palikuwa Mwanza, nyumba ya upataji nafuu, ile ambayo watu huiita soba. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya familia kubwa, mawe makubwa nyuma yake, sebule imetolewa makochi na kuwekwa viti vya plastiki kwa duara. Msimamizi wake, Mwalimu Festo, alikuwa mtu mwembamba mwenye meno machache, na kabla hatujaketi alisema, "Mimi mwenyewe nililala mitaroni miaka minane, kwa hiyo usione haya." Kisha maswali. Alianza lini? Anakunywa kiasi gani? Amewahi kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo? Akataka kwanza apimwe hospitali, kwa sababu mtu wa gongo akiachishwa ghafla anaweza kufa. Akanieleza ratiba: miezi sita, bila simu mwezi wa kwanza, wageni Jumamosi mbili za mwezi, sabuni na shuka zako. Ada ya mwezi mmoja ilikuwa sawa na faida ya mgahawa wangu kwa miezi mitatu, tukihesabu ugali na maini tu. Masunga alijua hesabu hiyo kama mimi. Alinitazama. Nikamwambia Mwalimu Festo, "Nitalipa."

Na hivi ndivyo nilivyolipa. Sijawahi kupata namna ya kulisema jambo hili likapungua uzito. Ili kaka yangu aache gongo, niliuza gongo. Kila mwezi nilipanda basi kwenda Mwanza na pesa za kaka wa watu wengine, na Mwalimu Festo akaniandikia risiti na kusema, "Mungu akuzidishie, dada. Ndugu kama wewe ni wachache." Nilijiambia kwamba nikifunga chumba cha nyuma, Masunga anatolewa soba. Na ni kweli, angetolewa. Ubaya ni kwamba kila nililojiambia mwaka ule lilikuwa kweli.

Jumamosi ya kwanza ya wageni walituketisha kwa duara pamoja na ndugu zetu. Masunga alikuwa amenenepa kidogo, amenyoa, mikono haitetemeki. Mwalimu Festo alisema familia ni sehemu ya tiba, na kwamba siri ni chakula cha ugonjwa huu. Akamgeukia. "Masunga, ulikuwa unanywea wapi?" Akajibu, "Machimboni." "Kwa nani?" Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono yote miwili. Masunga alitazama sakafu, akasema, "Kwa watu." Mwalimu akanigeukia mimi. "Dada, unawafahamu hao watu?" Nikasema, "Machimboni watu ni wengi." Watu wawili watatu wakacheka, wakidhani nimetania.

Nje, kwenye benchi la ukutani, nilikaa karibu na mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge kilichopauka. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akafungua kitambaa chenye karanga za kuchemsha, akakiweka katikati yetu kama vile tumekulia nyumba moja. Alikuwa ametoka Kolandoto siku iliyotangulia, amelala stendi. Mwanawe Yohana, miaka ishirini, aliondoka nyumbani kwenda machimbo ya Geita kutafuta mtaji wa kununua pikipiki, akaletwa mwaka mmoja baadaye kwenye mkokoteni wa ng'ombe, macho ya njano, hamjui hata dada yake Ester. "Nimeuza ng'ombe wawili," aliniambia. "Nilikuwa nao watatu." Akala karanga. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia, "Kuna mwanamke alikuwa anamuuzia. Simjui jina, Yohana hanitajii. Wenzake wanasema ana mgahawa, na nyuma ana pazia la kijani. Mwanangu aliacha pale simu, akaacha viatu. Mimi huyo simwombei kifo. Namwombea azae. Azae mtoto mzuri ampende, halafu mtoto huyo akutane na mwanamke kama yeye." Akanisukumia kitambaa. "Kula, mwanangu. Hujala kitu."

Nilikula. Nakumbuka chumvi ya zile karanga. Viatu vya Yohana vilikuwa chini ya kitanda changu, pamoja na simu tatu na saa ya mtu mwingine, kwa sababu niliwapa dawa kwa rehani walipoishiwa. Sasa nina mabinti wawili, wa kwanza ana miaka kumi na minne, na akirudi shule huwa namwita karibu nimrekebishe kola ya shati ambayo haina tatizo lolote, ili ninuse pumzi yake. Anadhani ni mapenzi. Mume wangu pia anadhani hivyo.

Yohana alitoka ndani na sufuria la maji, akaniona nimekaa na mama yake. Alisimama. Ulikuwa wakati wa kusema, ama yeye ama mimi. "Yohana, msalimie dada," mama yake akasema. Akasema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia, "Marahaba." Akapita akaenda kumwaga maji.

Mwezi wa nne wa Yohana ulipofika, mama yake hakuwa na ada. Ng'ombe wa tatu ndiye aliyebaki, na alikuwa wa kulimia. Niliwasikia ofisini kupitia mlango uliokuwa wazi. Mwalimu Festo hakumfokea, alisema tu kwamba chakula cha vijana ishirini kinanunuliwa kwa ada hizo hizo, na kwamba angeweza kuvumilia mpaka Jumatatu. Mama Yohana akasema hapana shida, atamchukua mwanawe, miezi mitatu si haba. Alisema hivyo kwa heshima kubwa, akashukuru. Nikaingia. Sikufikiri. Nilikuwa na ada ya Masunga mkononi na akiba kidogo kwenye simu, nikalipa miezi miwili ya Yohana pale pale. Mama Yohana alinitazama kama haelewi Kiswahili. Kisha akapiga magoti. Mwanamke wa rika la mama yangu, akapiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ya saruji, akasema, "Wabeja, mayu. Wabeja sana," akinishukuru kwa Kisukuma na kuniita mama, mimi. Nilimshika mabega nimwinue, akawa mzito, hataki kuinuka.

Nilipotoka, Yohana alikuwa anafua kando ya tangi la maji. Hakunishukuru. Aliuliza, "Mama anasema umelipa?"

"Nimelipa."

"Miezi mingapi?"

"Miwili."

Akakamua shati, akalikung'uta, akalianika. "Basi umebaki mmoja," akasema.

Nikasimama nikimtazama. Hakuwa na jeuri usoni. Alikuwa kijana anayetaka kupona, amegundua wapi ada yake inaweza kutoka. Nikasema, "Huo nao nitalipa," akaitikia kwa kichwa, akachukua shati jingine. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilitoa sadaka au nilinunua kimya. Miaka ya nyuma nilikuwa nasema vyote viwili. Siku hizi nasema nilinunua kimya, na sadaka ilikuja yenyewe, kama mbegu inavyoota kwenye gunia lililosahaulika.

Kulipia watu wawili kulihitaji madumu zaidi. Nikaongeza la nne. Nikaanza kufungua chumba cha nyuma kabla ya chai. Kulikuwa na mtu mmoja, Ezekieli, aliyeendesha karasha, mashine ya kusaga mawe. Mtu wa maneno machache, hakuwa mlevi, alipenda tu chapati zangu. Kwa kuwa nilikuwa nimefungua mapema, alianza kupitia kule nyuma kabla ya kazi. Asubuhi moja karasha ilichukua vidole vyake vitatu. Nilimfunga kwa kanga yangu mwenyewe, wenzake wakampakia kwenye pikipiki. Alikuwa akirudia, "Dada, sijakulipa cha leo. Sijakulipa cha leo." Mchana huo huo nilikwenda kulipa mwezi wa mwisho wa Yohana.

Masunga alitangulia kumaliza. Kabla hajaruhusiwa, Mwalimu Festo alinisainisha karatasi kwamba nyumba anayorudi haina kilevi. Nilisaini. Nilikuwa nimeshang'oa pazia, nimekigeuza chumba cha nyuma kuwa cha kulala, nimenunua godoro jipya na shuka za maua. Madumu nilikuwa nimeyahamishia kwa jirani, nikawa namlipa sehemu. Masunga alikaa siku tisa. Alichota maji, alikata kuni, alisimama jikoni akanifundisha nyimbo walizokuwa wakiimba asubuhi kule soba. Siku ya kumi tulikuwa tunakunywa chai na viazi, wateja hawajafika, mtu akaja akagonga meza kwa sarafu. "Dada Minza, dawa ipo, au niende moja kwa moja kwa jirani?"

Masunga alimaliza chai yake. Akaenda nyuma, akakunja shuka za maua vizuri, akarudi na mfuko wake. "Sikulaumu, Minza," akasema. "Umenilipia. Lakini harufu niliisikia tangu siku ya kwanza, nikajidanganya iko ndani ya pua yangu." Nikamwambia ada ya mwenzake ndiyo iliyonibana, nimalize tu. "Ya Yohana umeshaimaliza," akasema. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeimaliza wiki mbili kabla. Akaenda Nkome, akaanza kwa kuanika dagaa. Alianguka mara moja, akalewa mwezi mzima, akainuka mwenyewe bila senti yangu. Mpaka leo akija kwangu anabeba wanangu mabegani, ananiletea sato, ananiuliza habari za duka. Chakula changu hali. Husema ameshiba.

Laiti ningeandika kwamba nilifunga siku ile alipoondoka. Niliuza miezi mitatu mingine. Niliacha kwa sababu mkanda wa mawe yenye dhahabu kule chini ulipotea, wachimbaji wakahama, na hapakuwa na wa kumuuzia. Nikaja mjini na mtaji.

Mazishi ya Mama Yohana yalijaa watu. Nilikaa na wanawake tukichambua mchele, nikasikiliza wakimsifu marehemu na, kwa kuwa hawakuacha, wakinisifu mimi. Baada ya kuzika, mshereheshaji akasema familia inaomba yule dada aliyemlipia Yohana aseme neno. Wakanipa kipaza sauti. Yohana alikuwa amesimama karibu na kaburi, mkono begani mwa mkewe, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, fundi mwashi anayeheshimika. Nilimwona ananitazama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikasema, "Mama Yohana alikuwa mama mwema. Alinigawia karanga kabla hajanifahamu." Nikarudisha kipaza sauti. Wanawake wengine walifuta machozi.

Yohana alinisindikiza kuelekea barabarani, tukipita kwenye majaruba ya mpunga. Nilimuuliza nilichoshindwa kumuuliza kwa miaka yote hiyo: "Kwa nini hukumwambia mama yako?"

Hakushangaa. "Pale soba, ningesema, ungelipa ule mwezi wa mwisho?"

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sikujua. Ndiyo maana nikanyamaza." Tukatembea. "Nilipotoka nikataka kumwambia. Lakini alikuwa anafurahi sana kuwa na mtu wa kumshukuru. Katika maisha yake hakuwahi kuwa nao wengi." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha yangu ya rambirambi, haijafunguliwa. "Ile pesa ya kwanza niliihitaji, dada. Hii chukua."

"Yohana, nirudi niwaambie? Sasa hivi, watu bado wapo."

"Leo ni siku ya mama," akasema. "Siku nyingine ukija, uje. Mimi sitakuzuia, wala sitakusaidia."

Nilikuwa nimeshika bahasha, sijui niiweke wapi, tuliposikia mtu anaita nyuma yetu. Alikuwa Ester, dada yake, anakuja mbio kwenye tuta jembamba, kanga ya msiba imemtoka kichwani, kwapani amebana kuku mweupe aliyefungwa miguu. "Dada Minza! Ungeondoka bila huyu, mama asingenisamehe," akasema akihema. "Alimtenga tangu Pasaka. Kila mtu akitaka kumchinja, anasema hapana, huyu ni wa Minza." Nikamtazama Yohana. Alikuwa ameelekeza macho yake kwenye mpunga. "Mpokee," akasema. "Huyo si wangu. Ni wa mama." Kuku alikuwa wa moto, moyo wake unadunda kwenye kiganja changu. Nikampokea kwa mikono miwili, nikapiga goti mbele ya Ester, nikasema wabeja, na Ester akacheka akaniinua, akisema wewe dada, unapiga magoti kwa mtoto.